Bulking yangu ya enzi za Mwingereza: uji wa mayai, ulanzi, na gunia la ngano la Makambako

Wakuu, kamwene.

Kwa wasio wa nyanda zetu, hiyo ni salamu. Itikieni "kamwene" hukohuko mliko, nitaisikia.

Nimeusoma uzi wa kijana mmoja humu anayeuliza ale nini aongeze mwili mkavu, misuli tu, bila kitambi. Mmemjaza majina ya makopo mpaka macho yameniuma. Whey, creatine, mass gainer. Mmoja kamwambia ale ute wa yai tu, kiini atupe.

Kiini kitupwe! Niliweka simu chini nikacheka peke yangu kama mwehu.

Nikasema hapana, na mimi nitoe yangu. Maana wakuu, mimi bulking nimeifanya kabla baba zenu wengi hawajazaliwa. Niliifanya Njombe hiihii, wakati wa Mwingereza, bila gym, bila kioo, bila mizani. Na niliifanya vibaya kuliko mtu yeyote mtakayemsikia.

Sitii chumvi. Shahidi ninaye, ni mdogo wangu wa kike, Leah, amekaa hapa barazani anamenya njegere. Siku hizi ni bibi kizee mwenye fimbo, na ulimi wake haujazeeka hata kidogo. Nikimaliza kuandika nitamsomea. Nikidanganya atasema, kwa sababu tangu tukiwa watoto hajawahi kunisamehe neno.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Twende.

Ujanani nilikuwa mwembamba wa kutia huruma. Marehemu baba aliniachia koti, na ukiniona nimelivaa ungesema koti limetoka kutembea na limemchukua mtu njiani. Upepo wa Njombe wa mwezi wa sita mnaujua. Mama alikuwa akinikataza kusimama kwenye mwinuko.

Haikuwa kwamba sili. Nilikula. Chakula kilipita tu kusalimia.

Sasa wakati ule mwanaume akishaota ndevu, serikali ilimtambua. Kodi ya kichwa ilikuwa inamsubiri. Na njia ya haraka ya kuipata ilikuwa kuandikwa manamba, yaani kupanda lori pale Makambako na kupelekwa kukata mkonge huko Tanga kwa mkataba.

Kaka yetu mkubwa, Yohana, alipanda lori hilo. Alisema atarudi mkataba ukiisha. Tulipata salamu zake mara moja kupitia mtu aliyerudi, kisha kimya.

Tangu hapo mama akawa na tabia moja. Akisikia mngurumo wa lori barabarani, chochote alichoshika anakiweka chini na anasimama. Lori likipita, anaokota alichokiweka na kuendelea.

Zamu yangu ilipofika akaniambia, "Mwanangu, kazi yoyote. Ila lile lori usipande."

Nilijaribu kwanza kwenye mashamba ya miwati, ile miti ya magome ya kulainishia ngozi. Msimamizi aliniangalia miguu, akanipa kazi ya kwenda kuwaita wenzangu wakale. Nikawaita vizuri sana. Kesho yake hakuhitaji tena mtu wa kuita.

Ndipo nikamfikiria Athumani.

Athumani alikuwa dereva, mtu wa pwani, mnene wa kiasi, kofia haimtoki kichwani. Lori lake lilibeba ngano na mahindi kutoka kwetu Njombe, linateremsha Makambako, lori jingine linaupeleka mzigo Iringa, na lake linarudi. Hilo neno "linarudi" ndilo nililolipenda. Tanboi wake, huyu mnayemwita utingo leo, alikuwa anataka kuondoka akaoe kwao. Nikiipata nafasi ile, kodi nitalipa, na mama ataniona kila lori likipita.

Nikaenda Makambako kwa miguu, siku mbili, nikalala njiani kwa ndugu. Makambako ya wakati ule msiilinganishe na ya leo. Ilikuwa njia panda, maduka machache, tope, na upepo.

Nikamkuta Athumani amelala chini ya lori anakaza kitu. Akatoka, akajifuta mikono, akanizunguka mara moja kama anayenunua ng'ombe.

"Bwana mdogo, nikikupandisha juu ya mzigo, nikufunge kamba?"

"Kazi naiweza, mzee."

"Huiwezi. Hendeli hii ikikurudi itakutupa mpaka kwenu."

Kwa vijana wa leo: malori yale yaliwashwa kwa chuma kirefu unachochomeka mbele na kuzungusha kwa nguvu zote. Ukikosea, chuma kinarudi na mkono wako.

Akaniambia tena, kwa upole safari hii. "Nenda kwa mama yako ukale. Mvua zikikatika uje nikuone. Ukija hivihivi, lori la manamba lile pale, wao hawana mambo mengi."

Nikageuka nikalitazama. Watu walikuwa wamekaa juu na mablanketi mapya mabegani, wametulia. Niliogopa, wakuu. Nilimuona Yohana katika kila mgongo.

Nikarudi nyumbani na kazi moja tu duniani: kunenepa kabla mvua hazijaisha.

Sasa sikilizeni programu yangu. Mtu akiitaka aichukue bure.

Kwanza, protini.

Mama alifuga kuku. Lakini mayai nyumbani kwetu hayakuwa chakula cha kila mtu. Wasichana walikatazwa kabisa. Ilijulikana, na hakuna aliyebisha, kwamba msichana akila yai atazaa watoto wasio na nywele. Upara tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa.

Kwa hiyo mayai yote yakawa yangu. Kila asubuhi Leah aliamka kabla yangu, akapika uji wa ulezi, akapiga mayai ndani yake, akaniletea kitandani kwenye kibuyu. Mama mwenyewe ndiye aliyempa maagizo na kumkabidhi mayai.

Na mimi nilikuwa mkali. Uji nikiuona hauna rangi ya njano naurudisha. "Leah, leo umepunja." Anauchukua, anarudi nao umekolea njano mpaka unang'aa.

Nikishakunywa nilikuwa nakaa kitandani nakunja mkono na kuusikiliza. Nawaapia, nilikuwa naisikia nguvu inatembea. Inaanzia begani, inashuka, inafika kwenye kiwiko inapumzika. Nikamwambia Leah, "Yai si mchezo." Akasema, "Kweli kaka, yai si mchezo."

Pili, kupumzika.

Hili nilifundishwa na rafiki yangu Luka, aliyekuwa analisha nguruwe kwa mzungu mmoja mwenye shamba. Luka aliheshimika kijijini kwa sababu alikuwa amewaona nguruwe wa kizungu kwa karibu.

"Umewaona walivyonona?" akaniuliza. "Siri ni mbili tu. Wanakula. Halafu hawafanyi kazi yoyote."

Wakuu, niliona mwanga. Maisha yangu yote nilikuwa nakula halafu nakwenda shambani kuutoa mwili kwa njia ya jasho! Ndiyo maana hakuna kilichobaki!

Luka aliniletea hata konzi mbili za unga wa wale nguruwe kwenye kitambaa, niuchanganye na maziwa. Niliutumia siku moja. Siwaelezi zaidi, isipokuwa kwamba siku hiyo nilikimbia kuliko siku zote za programu, na mbio zote zilielekea kichakani.

Unga nikauacha, lakini ile falsafa ya kupumzika nikaishika kwa mikono miwili.

Tatu, mass gainer. Hapa ndipo akili yangu ilipofanya kazi kuliko mwili.

Kwetu kuna mgowe. Ukiwa na shamba kubwa la kulima unaandaa pombe, unawaita majirani, wanalima pamoja mpaka liishe, kisha mnakunywa. Sheria yake haina mjadala. Asiyelima hanywi, na kijana mwenye afya asiyekuja kulima anasemwa mpaka anahama.

Msimu wa mvua pombe ya mgowe huwa ulanzi, maji matamu yanayotoka kwenye mwanzi mchanga. Mgema anakata ncha ya mwanzi, anatundika mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, na asubuhi na jioni anapitia kukwangua ncha ili utiririke. Ukiwa umetoka sasa hivi, mtamu, bado haujachacha, tunauita mtogwa. Huo wapo wanaowapa hata wagonjwa.

Na mgema, kwa sababu ana shughuli yake, anasamehewa jembe.

Mnaona ninapoelekea?

Nikajitolea kuwa mgema wa mgowe wote wa upande wetu. Wazee walifurahi, wakasema kijana amekua, anajituma. Mimi nikahamia kwenye mianzi. Asubuhi naonja kila mbeta, kwa ajili ya ubora. Jioni naonja tena, kwa ajili ya kulinganisha na asubuhi. Katikati nalala chini ya mianzi kulinda mwili, nasikia kwa mbali wenzangu wanaimba na majembe.

Sehemu yangu ya shamba ililimwa na Leah. Alikuwa anapika uji wangu, anachota maji, kisha anachukua jembe langu na kwenda kusimama kwenye mstari wa mgowe mahali pangu, akilima sambamba na wanaume.

Jioni tukila, ugali nilipakuliwa mimi kwanza, wa kutosha watu wawili. Leah alikwangua chungu.

Mwaka huo pia tulipata tatizo la nungunungu. Mama alilalamika kila siku kwamba anatuibia maboga shambani, yanapotea moja moja usiku. Mimi kwa sababu sikuwa na kazi nzito nikapewa kazi ya kumtega. Nilichimba shimo dogo, dogo kwa sababu ya kulinda mwili, nikalifunika majani. Hatukumkamata hata mmoja. Nikatangaza kwamba ni nungunungu mjanja sana.

Kufikia mvua za mwisho, matokeo yalianza kuonekana.

Mashavu yakaja. Shingo ikaingia ndani. Tumbo likatangulia mbele kiasi kwamba koti la baba, lile lililokuwa linanimeza, likagoma kufunga. Wanawake wakikutana nami njiani wanapiga makofi: "Umenawiri! Umekuwa kama karani!" Kioo hatukuwa nacho, nilijitazama kwenye maji ya kisima, na mtu niliyemwona mle alinipendeza sana.

Leo mngesema transformation. Mimi nilisema tu, Athumani atakoma.

Mvua zikakatika. Mama akaniombea asubuhi, akaniweka mkono kichwani muda mrefu. Akamwambia Leah anisindikize, abebe chakula cha njiani na kikapu cha njegere za kumzawadia dereva. Mzigo wote alibeba yeye kichwani. Mimi nilitembea mikono mitupu, nikipumzika kila mlima, nikimweleza Leah jinsi maisha yatakavyobadilika nikianza kazi.

Alikuwa ananisubiri juu ya kila kilima. Hakuwa anahema.

Tukafika Makambako. Athumani akaniona kwa mbali akavua kofia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya.

"Loo! Umekuwa mtu!"

Nikalitanguliza tumbo kwa heshima.

"Haya, washa gari."

Nikashika hendeli. Nikazungusha mara moja, ikafika katikati ikakataa. Nikazungusha tena kwa kuilalia, ikanirudi. Sikurushwa mpaka kwetu, nilirushwa mpaka kwenye tope la kando. Kifungo cha shati kilitangulia kufika.

Athumani akasema labda injini ina baridi. Alikuwa ananihurumia, nalikumbuka hilo. Akanionyesha gunia la ngano lililokuwa chini, kwamba nilipandishe nyuma ya lori la Iringa.

Nikainama. Tumbo likafika kwenye gunia kabla ya mikono. Nikalikumbatia, nikalivuta, nikafika nalo magotini. Miguu ikaanza kutetemeka yenyewe, kila mmoja kwa mpango wake. Nikamuita Mungu kwa Kibena, nikamuita kwa Kiswahili. Nikakaa chini. Gunia likakaa juu yangu.

Wapakiaji mizigo walicheka mpaka mmoja akaegemea tairi.

Nikiwa pale chini nililiona lori la manamba. Lilikuwepo, mahali palepale, linajaza. Mwandikishaji wao, mwenye daftari la mikataba, alikuwa amegeuka ananitazama bila kucheka. Akaniita kwa mkono, taratibu, kama unavyomuita mtu wako.

Na mimi, wakuu, nilianza kuinuka nimfuate. Aibu inaweza kukupandisha lori lolote.

Leah akatua kikapu cha njegere. Akatembea akapita mbele yangu, akawa katikati yangu na yule mtu. Alikunja khanga akatengeneza ngata, akaiweka kichwani, akawaambia wapakiaji wawili waliokuwa karibu, "Nitwikeni."

Walidhani anatania. Wakamtwika.

Akasimama na lile gunia, akavuta pumzi, akatembea mpaka kwenye lori, akalisukumiza ndani kwa kichwa na mikono, na ngano haikumwagika hata punje. Kisha akarudi akaokota kikapu chake.

Makambako nzima iliacha kazi ikamtazama. Yaani watu kama kumi na tano.

Athumani akamuuliza, "Binti, wewe huwa unakula nini?"

Leah akafikiri kidogo. Akajibu, "Ukoko."

Walicheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa kizito zaidi, nami nilikuwa bado nimekaa chini.

Athumani hakucheka. Aliniinua, akanipangusa mgongo kwa mkono wake mwenye mafuta, akaniambia, "Tanboi wangu ataondoka mvua zinazokuja zikikaribia. Una kiangazi kimoja. Mwambie huyu dada yako akufundishe kula."

Njia ya kurudi mzigo nilibeba mimi. Hakuna aliyeniambia.

Kesho yake asubuhi uji ulikuja wa kahawia. Nikauliza, "Na mayai?" Leah akasema, "Programu imekwisha, kaka. Jembe lako lile pale."

Kiangazi kwetu ndio wakati wa vinyungu, zile bustani za bondeni kwenye unyevu, ambapo unainua matuta marefu ya udongo mweusi mzito na kupanda mahindi na maharage wakati wengine milimani wanasubiri mvua. Udongo ule ukiuinua kwa jembe unajua umeinua kitu. Na asubuhi umande unaganda, unakanyaga majani yanavunjika chini ya mguu.

Siku za kwanza nililia. Nilisingizia moshi, lakini bondeni hapakuwa na moshi.

Leah alilima mbele yangu, akawa kila akimaliza tuta anageuka ananitazama, anasema, "Kaka, linda mwili." Kisha anaendelea.

Tulikula nini? Maharage. Njegere. Makande. Ugali wa kawaida, sahani moja, sote tukinawa na kula pamoja, maana mama alikuwa amesikia habari za ukoko. Maziwa mgando yakiwepo. Na simbilisi, wale wanyama wadogo wa jikoni wanaokula maganda karibu na moto. Kijana wa makamo yangu kula simbilisi ilikuwa aibu, ilihesabika nyama ya watoto. Nilikula na mifupa yake, na niliomba mwingine.

Ulanzi hakuna, msimu umeisha. Hiyo ndiyo cutting niliyofanya. Sikuwa na ujanja mwingine.

Tumbo liliondoka kwanza. Wale wanawake wa njiani wakanihurumia: "Umekonda, unaumwa?" Koti la baba likarudi kufunga. Lakini mabega yakaanza kulijaza kutoka ndani, na siku moja nilipanda kutoka bondeni na kikapu cha mahindi mabichi kichwani, nikafika juu, nikagundua nimesahau kupumzika.

Nilirudi Makambako mawingu ya mvua yakiwa yameanza kujikusanya. Nilikwenda peke yangu, na njegere nikabeba mwenyewe.

Athumani alinitazama akasema, "Umekonda."

Nikasema, "Ndiyo, mzee." Nikachukua hendeli nikawasha gari. Kisha nikapandisha gunia. Kisha jingine. Akaniambia basi, inatosha, huo mzigo ni wa mtu mwingine.

Safari ya kwanza ya kurudi Njombe nilikaa juu ya mzigo wa madukani na upepo usoni. Tulipokaribia kwetu nilimuona mama shambani. Alisikia mngurumo, akaweka jembe chini, akasimama kama kawaida yake.

Athumani akapunguza mwendo, akasimamisha. Mimi nikashuka.

Mama hakuja mbio. Alibaki amesimama palepale amejishika kifua, akaniacha mimi ndiye nimfuate. Nilimfikia, akanishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu akatazama malengelenge, akasema, "Umekula?"

Nilifanya kazi ya lori mpaka na mimi nikaitwa dereva. Yohana hakurudi, na mama hakuacha kusimama. Lakini mara nyingi aliposimama, aliyeshuka nilikuwa mimi.

Hapo ndipo nilipopanga kumalizia, wakuu. Fundisho langu lilikuwa tayari: nilikula mayai msimu mzima nikiwa nimelala nikapata tumbo, Leah alikula ukoko akilima akapata nguvu. Kwa hiyo chakula bila jembe ni bure. Nilijiona mwalimu.

Sasa nimemsomea Leah yote, tangu kamwene mpaka hapo.

Alisikiliza anamenya njegere. Kwenye gunia akatabasamu. Kwenye mama akafuta macho na pembe ya khanga, na mimi nikafuta yangu. Nilipofika kwenye fundisho, akaanza kucheka. Akacheka mpaka fimbo ikaanguka na njegere zikamwagika.

Nikamuuliza kuna nini.

Akasema, "Mayai gani?"

Nikamwambia mayai, ya kwenye uji.

Akasema, "Boga."

Wakuu. Boga. Lililochemshwa, likapondwa, likachanganywa kwenye uji mpaka ukawa wa njano. Ndiyo maana nikilalamika rangi alikuwa anarudi nao umekolea. Alikuwa anaongeza boga! Mayai alikuwa anayafukia kwenye majivu ya moto mimi nikiwa bado nakoroma, anayala, anakwenda kulima.

"Mama alinipa mayai nikupigie," akaniambia. "Nikayatazama mayai. Nikalitazama jembe lako. Nikakutazama wewe umelala."

Nikamkumbusha habari ya watoto wasio na nywele. Akasema wa kwanza alizaliwa na nywele mpaka kwenye paji la uso, ndipo alipojua kwamba ile habari iliwekwa na mtu aliyependa mayai.

Nikauliza, "Basi Athumani alipokuuliza, mbona ulisema ukoko?"

"Na ukoko nilikula," akasema. "Kwani kuna niliyemdanganya?"

Kisha akaniuliza kama nilimkamata yule nungunungu.

Kwa hiyo nimelazimika kubadilisha fundisho, uzeeni huku, kwa kidole kimoja. Ile nguvu niliyoisikia ikitoka begani na kupumzika kwenye kiwiko ilikuwa boga. Ninyi mnaolalamika humu kwamba mmeuziwa whey feki, nakaa kwenye kiti cha mbele kabisa cha chama chenu.

Kijana uliyeuliza, jibu lako hili. Kula maharage, kula yai na kiini chake, inua kitu kizito mpaka ulie, kisha lala. Na yule anayekupikia, kama naye anafanya kazi, hakikisha yai lake lipo mezani. Asipowekewa atalitafuta mwenyewe, na wewe utabaki unakunja mkono kitandani unasikiliza boga.

Maoni ruksa, kucheka pia ruksa. Leah ameagiza nimsomee comments zote, na ameanza kuuliza ni wangapi wako upande wake.